Mti wa Mamani

Aliyewahi kumeza kwinini haisahau. Uchungu unang'ang'ania nyuma ya ulimi hata ukishushia maji, na baada ya dozi kadhaa masikio yanavuma kama umekaa kando ya mashine ya kusaga. Siku hizi malaria kali hutibiwa kwanza kwa artesunate, lakini kwa karne tatu hivi tegemeo la wagonjwa lilikuwa gome la msinkona, mti wenye kwinini wa miteremko yenye ukungu ya milima ya Andes, Amerika Kusini.

Historia yake inavyosimuliwa inaniudhi. Wengi huanza na mke wa mtawala wa Kihispania kule Lima, eti gome lilimponya naye akalipeleka Ulaya. Hadithi hiyo si ya kweli, lakini mwaka 1742 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliupa mti jina la mama huyo wa Chinchón, Cinchona, tena akakosea tahajia. Kisha wanarukia Paris, mwaka 1820, wakemia Pelletier na Caventou walipotoa kwinini kwenye gome. Kazi yao naiheshimu sana. Kabla yake unga wa gome moja ulikuwa mkali na wa jingine hafifu, kwa hiyo kupima dozi kulikuwa kubahatisha.

Lakini gome halijibandui. Kuna watu walioingia msituni na mapanga, wakaangusha miti, wakagonga shina hadi gome lilegee, wakaanika vipande vikajikunja kama mirija. Manuel Incra Mamani, mtu wa jamii ya asili ya Waaimara wa Bolivia, alikuwa mmoja wao. Aliujua kwa macho mti wenye kwinini nyingi kuliko mingine. Baridi kali iliunguza maua, akasubiri miaka, na mwaka 1865 akamfikishia mbegu mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger, ingawa kuzitoa nchini kulikuwa marufuku. Serikali ya Uingereza ilizikataa. Waholanzi walinunua kiasi kidogo, kama nusu kilo, wakapanda kisiwani Java, Indonesia ya leo, na kufikia miaka ya 1930 zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia ilitoka huko.

Mamani alirudi msituni kutafuta mbegu nyingine. Akakamatwa, akafungwa, akapigwa vibaya, akafa mwaka 1871. Miti ya Java iliitwa Cinchona ledgeriana, kwa jina la aliyeuza mbegu. Mimi nauita mti wa Mamani, na wanangu nimewafundisha hivyo hivyo.