Simu inaona jani, muhogo unaozea ardhini

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliishindanisha programu ya simu iitwayo Nuru na binadamu katika kutambua dalili za magonjwa ya virusi kwenye majani ya muhogo. Nuru ilipata asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58. Wakulima, ambao muhogo ndio ugali wao, waliambulia kati ya 18 na 31.

Wanaoipigia debe akili mnemba katika kilimo wanazipenda sana namba hizi, na wana haki. Mashine imewashinda hata watu waliosomea fani. Wanaoipinga nao wanaisoma asilimia 65 kutokea upande wa pili: programu inayokosea zaidi ya mara tatu katika kila kumi, unaikabidhije shamba la mtu? Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishania namba isiyo ya maana kuliko zote. Kabla ya kueleza kwa nini, tuone kwanza mashine hizi zinavyosoma.

Nuru ilitoka kwenye mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti ya IITA. Msingi wake ulikuwa picha 2,756 za majani ya muhogo zilizopigwa mashambani Tanzania. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba mfumo waliouzoesha kwa picha hizo ulipatia asilimia 93 ulipopewa picha ambazo haukuwahi kuziona. Kutoka 93 mpaka 65 kuna mteremko mrefu, na mteremko huo si wa muhogo peke yake. Mwaka mmoja kabla, watu wa PlantVillage haohao walitumia picha 54,306 za mazao 14, nyingi zikiwa za jani moja lililochumwa na kulazwa juu ya karatasi. Matokeo: asilimia 99.35. Mfumo huohuo ulipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ukaanguka hadi asilimia 31 na ushee, na watafiti wenyewe waliliandika hilo wazi.

Mwaka 2022 likaja jambo la kuchekesha zaidi. Mtafiti mwingine alichukua picha hizo za karatasi, akachota pikseli nane tu (nukta ndogo zinazounda picha) kutoka pembeni, mahali pasipo na jani kabisa, akaufundisha mfumo kutaja ugonjwa kwa pikseli hizo pekee. Ukapatia asilimia 49, wakati kubahatisha kungeupa chini ya asilimia tatu. Inaelekea picha za ugonjwa mmoja zilipigwa katika mazingira yaleyale, na mashine ikakariri karatasi.

Picha za shambani ni afadhali, lakini nazo zina mtego wake. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere na wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge walikusanya picha za muhogo kutoka kwa wakulima, na mwaka 2020 zaidi ya 21,000 zikawekwa kwenye mashindano ya wazi yaliyovuta maelfu ya timu duniani. Kati ya hizo, 13,158 zilikuwa za batobato, mmoja wa magonjwa ya virusi vya muhogo. Hivyo programu mvivu inayojibu "batobato" kwa kila picha ingepatia karibu sita katika kumi bila kutazama chochote.

Sasa twende shambani. Batobato haijifichi sana: majani machanga ya juu yanajikunja, yanadumaa, yanakuwa na mabaka ya njano. Utitiri wa kijani, kidudu kinachoshambulia majani, unaweza kumchanganya mtu, lakini mzoefu anatofautisha. Mwenye hila ni michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa virusi, ulioandikwa kwa mara ya kwanza hapahapa Tanganyika miaka ya 1930. Dalili zake hukaa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, umanjano unaofuata mishipa ya jani, na jani lenyewe halijikunji. Kiangazi kikikolea majani hayo ya chini ndiyo yanayopukutika kwanza. Mmea unabaki na kilemba cha kijani juu, unapendeza, huku mizizi imeshaanza kuoza, ndani ina madoa ya kahawia makavu kama kizibo cha chupa. Kuna aina za muhogo zinazoonyesha dalili hafifu sana kwenye jani hata kama chini mambo yameharibika. Hapo kamera hata iwe nzuri namna gani haina cha kuona. Afisa ugani mwenye jembe ana nafasi nzuri zaidi: anang'oa, anakata, anatazama.

Kwa haki, utafiti uleule wa 2020 unaonyesha kwamba ukikagua majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, Nuru inapanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Inafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo haili bando. Na hoja ya wanaosema fedha za programu hizi zingeajiri maafisa ugani ni hoja nzuri ya bajeti, ila haifuti ukweli kwamba maafisa wenyewe hawakufika hata asilimia 60. (Mwenye kitochi, bila shaka, hayumo kabisa kwenye mjadala huu, mpaka jirani mwenye simu janja apite.)

Tatizo la asilimia ni kwamba inahesabu makosa yote kuwa sawa. Virusi vya muhogo havina dawa. Mkulima akiambiwa shamba lake la chakula la miezi minane lina michirizi, la kufanya ni dogo: avune mapema, basi. Programu ikikosea hapo, hasara haiongezeki sana. Lakini msimu wa kupanda unapofika, jirani anapokuja kuomba mzigo wa vipando (vipande vya shina vya kupandia), kosa la kusema mmea mgonjwa ni mzima linasafiri hadi shamba jingine, na kutoka hapo hadi kijiji kingine, kisha inzi weupe, wanaosambaza virusi, wanamalizia. Kosa la kinyume, la kusema mmea mzima ni mgonjwa, linagharimu shina moja lililong'olewa bure.

Kwa hiyo mahali pa Nuru ningependa pawe kwenye mashamba ya wazalishaji wa vipando, mikononi mwao na mwa wakaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kabla majani ya chini hayajapukutika, majani sita kwa mmea, na mizizi michache ikatwe kwa panga kila ukaguzi. Na anayetutangazia programu mpya aweke kando kwanza asilimia ya jumla. Atuambie: katika kila mimea kumi yenye michirizi, mingapi ilipita ikiitwa mizima?