Saa ya Mgeni Yafungua Mtihani

Ubao wetu wa kidijitali hatukuununua dukani. Tuliuunda kwa rimoti ya mchezo wa Wii, njia aliyoionyesha mtaalamu wa kompyuta Johnny Chung Lee mwaka 2007. Projekta inarusha picha ya kompyuta ubaoni, na rimoti hiyo ina kamera inayoona mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ikaiambia kompyuta kalamu iko wapi. Nikachukua ganda la maka peni iliyokauka, nikatia betri moja ya volti 1.5, swichi ya kubonyeza, na kitaa cha infraredi kwenye ncha. Rimoti ikakaa kwenye stendi, mita 3 hivi kutoka ubaoni, pembeni kidogo ili mwalimu asiikinge. Unabonyeza vitufe 1 na 2 vya rimoti kwa pamoja inase Bluetooth ya kompyuta, unagusa alama 4 za kwenye kona, basi kompyuta imeshajua picha inaanzia wapi na kuishia wapi. Mtu akiigonga stendi, unarudia. Kujua kama kalamu inawaka, itazame kwa kamera ya simu, maana kwa macho huoni kitu.

Adui wake ni jua, nalo limejaa infraredi. Ndiyo maana dirisha la kushoto nililitundikia pazia zito. Siku ya kuja mthibiti ubora wa shule, pazia likachukuliwa kwenda kufunika meza ya chai ofisini kwa Mkuu. Nilipolalamika nikajibiwa, "Mwalimu, mgeni atakunywa chai au infraredi?"

Kidato cha Pili, Biolojia, moyo. Mwalimu wa somo akachora vizuri tu, mpaka mgeni alipopendezwa akaja mbele mwenyewe, mkononi saa ya chuma inayong'aa kama sufuria jipya. Akanyoosha mkono: "Damu ikitoka hapa inakwenda wapi?"

Jua likapiga saa, saa ikarudisha mwanga kwenye rimoti, mstari mwekundu ukachomoka ventrikali ya kushoto ukaishia nje ya mwili.

"Huyu ameshakufa," mzee akasema, akapunga mkono kuufuta.

Hapo ndipo alipoharibu. Mwanga ukionekana, kompyuta huhesabu umebonyeza, ukipotea, umeachia. Saa inayometameta ni kubofya mara mbilimbili, popote kishale kinapoangukia. Moyo ukajifunga. Faili lililokuwa nyuma yake likafunguka: Mtihani wa Mwisho wa Muhula, Biolojia.

Darasa kimya. Kalamu 50 zikaanza kazi.

Nikarukia projekta. Sasa, projekta haizimiki kwa kubonyeza mara moja. Kwanza inakuuliza kama una hakika, na swali lenyewe inaliandika pale pale ukutani, juu ya mtihani. Mkuu hakusubiri jibu. Akajitupa mbele ya ubao, mikono ameitanua, shati jeupe limepigwa pasi. Swali la 3 likasomeka kifuani pake, herufi kubwa, hata wa nyuma wakaliona.

Binti mmoja akanyoosha kidole kwa adabu.

"Samahani, Mkuu, sogea kushoto kidogo. Swali la 4 limekatikia begani."