Toa Mgongo Kwenye Vigae!

Jamani, nani aliwaambia kigae cha karne ya 17 ni ukuta wa kuegemea?

Nimefika Lisbon, kasri la Fronteira. Bustani imevikwa vigae vya buluu na nyeupe. Kando ya bwawa wamechorwa wapanda farasi. Juu yao wamepangwa wafalme wa Ureno, sanamu tupu. Nimesafiri kote huko nimwone farasi mmoja tu kwa utulivu. Wapi! Mbele yake kuna mgongo. Mgongo una begi. Begi lina zipu, na zipu inakwaruza kwato. Kwaru, kwaru! Ukisubiri aondoke, anageuza shavu la pili: picha ya mia tatu. Akitoka huyu, mwenzake ameshapanda na viatu kwenye benchi la vigae.

Kwani kwenu wageni hukanyaga kabati la vyombo? Rangi ile ilipakwa kwa brashi, ikachomwa tanuruni. Ikibanduka haioti tena kama ukucha! Na ukoo wenyewe bado unaishi humo. Ni nyumba ya watu ile!

Wenzangu mnaopenda majumba ya kale, mnavumiliaje?

Ndugu yangu, sogea. Hatua mbili tu.