Makaa ya mawe yanaweza kuokoa misitu ya Tabora, ila shimo wanaachiwa nani?

Huu mjadala umekuwa mkali hapa Tabora toka serikali itoe agizo kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, mwisho ukawekwa Januari 2024. Shule za bweni, vyuo, magereza, wote wakaanza kuhangaika, gesi bei yake wanaijua, ndo hapo briketi za makaa ya mawe, yaani makaa yaliyosagwa yakagandamizwa kuwa vipande vya kupikia, zikaanza kutajwa kila kikao. Kuna wanaosema hii ndo pona ya misitu yetu, kuna wanaosema mnahamisha tatizo tu, mnalitoa Kaliua kwenye misitu yetu mnalipeleka Ileje na Mbinga yanakochimbwa makaa. Mi nimewasikiliza wote na naona kila upande umeshika nusu ya ukweli, kwa sababu wote wanabishana kuhusu jiko na hakuna anayegusa mgodi wenyewe unavyoendeshwa, wakati kesi yote iko huko.

Nianze na wanaoyataka makaa maana kiukweli hoja yao ni nzito kuliko wanavyoitetea. Huu ni mkoa wa tumbaku. Pita Urambo, Kaliua au Sikonge msimu wa kukausha, kando ya kila bani, banda la kukaushia tumbaku, unakuta rundo la magogo, na bani la kienyeji lisilo na matundu ya hewa ya maana linateketeza kuni usiku na mchana mpaka jani likauke. Hapo hujaweka magunia ya mkaa yanayoingia mjini kwa baiskeli na bodaboda alfajiri. Mti wa miombo ukikatwa unachukua miongo kurudi ulivyokuwa, na nyuki wanaotupa hii asali tunayojivunia wanategemea maua ya miti hiyohiyo. Kwa hiyo mtu aliyekaa mjini, jiko lake la mkaa linawaka, akikwambia makaa ya mawe yabaki ardhini kwa ajili ya mazingira, muulize mazingira ya nani.

Na jikoni zinafanya kazi, hilo nalo tuseme. Mama lishe mmoja karibu na soko kuu alinionesha anavyowasha: anatanguliza mkaa wa kawaida kidogo chini, briketi juu, anapepea weee, mwanzoni unatoka moshi wenye harufu ya kiberiti kwa hiyo jiko analisogeza nje kabisa, akiona zimekolea wekundu ndo anabandika maharage. "Shida yake kuwasha tu mdogo wangu, ikishashika hapo nasahau jiko, nakata mboga," ndivyo alivyosema. Hiyo ya kusogeza jiko nje sio mbwembwe, gesi ya sumu ya makaa haina harufu na kwenye chumba kilichofungwa inaua, ingawa hata mkaa wa miti unaua hivyohivyo na watu wanalala nao kila mwaka.

Sasa twende mgodini.

Mgodi wa wazi wa makaa, ukiuangalia vizuri, ni biashara ya kuhamisha kifusi, makaa ndo unayakuta ukishamaliza kuhamisha. Unaanza kukwangua udongo wa juu ule wenye rutuba, unauweka pembeni peke yake, halafu unatoboa mwamba, unaweka baruti, unalipua, ekskaveta inapakia dampa, dampa inaenda kumwaga, na hivyohivyo mpaka ufike kwenye tabaka la makaa ambalo linaweza kuwa mita chache tu. Piga hesabu ya mfano, mgodi unaotoa kifusi mita za ujazo 5 kwa kila tani ya makaa: ukitaka tani milioni 1 unahamisha mita za ujazo milioni 5, na mwamba una uzito wa zaidi ya tani 2 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo hapo umebeba zaidi ya tani milioni 10 za kitu usichokiuza. Dizeli yote hiyo, matairi yote hayo.

Ukishaelewa hilo utajua kwa nini mazingira yanaharibikia kwenye kifusi na sio kwenye makaa. Kifusi kinamwagwa wapi? Mgodi uliopangwa vizuri toka siku ya kwanza unachimba kwa mikato, kifusi cha mkato wa pili kinafukia shimo la mkato wa kwanza, udongo wa juu unarudishwa ungali na uhai, nyasi zinapandwa wakati mgodi bado unaingiza hela. Mgodi wa haraka haraka unamwaga kwenye mteremko wa karibu kwa sababu kila mita mia za ziada ni dizeli, halafu mwenye mgodi anakuja kukwambia atakarabati mwishoni, na mwishoni hela hakuna. Kule Aberfan, Wales, Oktoba 1966, kifusi cha mgodi wa chini kilichorundikwa mlimani juu ya chemchemi kiliporomoka kikafukia shule, watu 144 walikufa na 116 kati yao watoto. Ule ulikuwa uamuzi wa kawaida kabisa wa wapi pa kumwaga.

Pili ni maji, na hapa ndo wapinzani wa makaa wananikosha zaidi. Miamba inayokaa na makaa mara nyingi ina pairaiti, madini ya chuma na salfa. Yakiwa chini hayana neno, ila ukiyavunja yakakutana na hewa na mvua yanatengeneza asidi, na asidi ile inayeyusha metali nyingine njiani mpaka mtoni. Ubaya wake haiishi mgodi ukifungwa, inaweza kuendelea miongo na miongo. Mji wa Carolina huko Mpumalanga, Afrika Kusini, mwaka 2012 maji ya bomba yaliharibika kwa asidi iliyotoka maeneo ya machimbo ya makaa, watu wakawa wanagawiwa maji kwa maboza. Ila mkoa huohuo, eMalahleni, toka 2007 kuna mtambo unaosafisha maji ya migodini mpaka yanaingia kwenye bomba za mji watu wanakunywa. Kwa hiyo anayesema haiwezekani anakosea, na anayesema ni rahisi naye anakosea, ule mtambo ni hela nyingi na umeme kila siku na lazima awepo wa kulipa hata makaa yakiisha. Kwetu bonde la makaa la Ngaka, kule Mbinga, linamwaga maji mto Ruhuhu, Ruhuhu inaingia Ziwa Nyasa, na mto Kiwira nao unaishia hukohuko. Hilo ziwa tunagawana na Malawi na Msumbiji.

Vumbi na joto nitapita haraka. Vumbi linadhibitika kwa boza la maji barabarani na kufunika malori kwa turubai, mgodi ukiwa na vumbi la kupitiliza jua umeamua. Joto wengi hawalijui: makaa yakirundikwa muda mrefu yanaanza kujichoma yenyewe kwa ndani, asubuhi baada ya mvua unaona rundo linafuka mvuke, wageni wanadhani ukungu. Ndo maana rundo linashindiliwa na halikai sana. Kule Hazelwood, Australia, moto wa porini uliingia kwenye shimo la makaa Februari 2014 ukawaka siku 45, moshi ukawa unawashukia watu wa mji wa Morwell muda wote huo.

Upande wa mapato sasa. Ngaka ilianza kuchimbwa 2011, mwaka 2016 serikali ikazuia kuagiza makaa toka nje, viwanda vya saruji vikalazimika kununua ya ndani. Halafu vita ya Ukraine mwaka 2022 ikawafanya Wazungu watafute makaa kila kona ya dunia, na bandari ya Mtwara iliyozoea korosho ikawa inapakia makaa kutoka Ruvuma, malori yakitembea zaidi ya kilomita 600. Madereva, gereji, gesti, mama lishe njia nzima walikula, halmashauri nazo zina ushuru wa huduma kwenye mauzo. Siwezi kumbeza mtu wa Mbinga aliyejenga nyumba kwa makaa wakati mi mwenyewe saruji niliyojengea huenda ilichomwa kwa makaa hayohayo.

Ila bei ikipanda hivyo ndo hatari yenyewe. Najua hii wengi hawataipenda, lakini mi namuogopa mchimbaji mdogo wa msimu kuliko mgodi mkubwa. Mkubwa ana kitengo cha mazingira, ana mabwawa ya kutuamisha tope, anapima maji ya mto juu na chini ya mgodi, ana jina la kuchafuka. Yule aliyekodi ekskaveta mbili na tipa kumi kwa sababu bei imepanda, siku bei ikishuka anaondoka na mashine zake, kinachobaki ni shimo na kifusi, na mwenyewe humjui hata kwa sura.

Sio kwamba mkubwa ni malaika. Moatize, mkoa wa Tete hapo Msumbiji, kampuni ya Vale ya Brazili ilifungua mgodi mkubwa wa wazi 2011 na zaidi ya familia 1,300 zilihamishwa, nyingi zikapelekwa Cateme, kilomita kama 40 toka zilikotoka, mbali na soko, mbali na mto, ardhi ngumu. Januari 2012 hao waliohamishwa wakafunga reli makaa yasipite. Ile kampuni ilikuwa na makabrasha ya tathmini ya mazingira yote, kila sahihi ilikuwepo. Baadae ikauza mgodi ikaondoka, Cateme iko palepale.

Sie wa Tabora hatuhitaji kwenda Msumbiji kujua mgodi ukifungwa inakuwaje, tuna Nzega. Golden Pride pale Lusu ulikuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu nchi hii, shimo la wazi, ukaanza mwishoni mwa miaka ya 1990 ukadumu kama miaka 15. Dhahabu sio makaa, najua, ila habari ya kifusi na shimo ni ileile. Na pale, tuwe wakweli, kufunga kulipangwa, eneo likakabidhiwa serikalini kwa ajili ya mafunzo ya madini badala ya kutelekezwa. Sio mbaya. Lakini waulize wenye maduka Nzega mjini mshahara wa mgodi ulivyokatika walibaki na nini. Ukarabati wa ardhi ulikuwa na mpango, wa uchumi wa mji sikuwahi kuuona.

Kwa hiyo mi swali langu kwa mgodi wowote wa makaa, uwe Kabulo kule Ileje unaochimbwa na STAMICO, shirika la madini la taifa, uwe Ngaka, uwe unaokuja, sio umepanda miti mingapi getini. Ile miti ya picha, waziri ameshika koleo, haina uhusiano wowote na kifusi. Nataka kujua dhamana ya ukarabati, yaani pesa inayotengwa mapema ya kufukia shimo, imewekwa shilingi ngapi, iko benki gani, na kila mwaka hekta zilizofunguliwa ni ngapi na zilizofukiwa ni ngapi. Sheria yetu inataka mpango wa kufunga mgodi na dhamana, karatasi tunazo. Tatizo la dhamana ni pale inapokuwa ahadi badala ya pesa. Marekani wana sheria ya ukarabati wa machimbo ya makaa toka 1977, kali kweli, lakini waliruhusu makampuni makubwa yajidhamini yenyewe kwa ukubwa wa jina lao, na Peabody, kampuni kubwa ya makaa, ilipoomba kinga ya kufilisika 2016 ikaonekana zaidi ya dola bilioni 1 za ukarabati zilikuwa zimesimamia neno la kampuni tu. Kama Marekani imetokea, sisi tunaowapa leseni kampuni zenye umri wa miaka mitatu tujiamini nini?

Wapinzani nao nina neno nao. Hoja ya tabianchi ni ya kweli, makaa ni nishati chafu na hakuna namna ya kuipamba. Ila msitu unaokatwa na haurudi nao ni kaboni inayoenda hewani, na sijawahi kumsikia mmoja wao akileta hesabu ya shule ya bweni ya wanafunzi 800 inapikaje leo jioni bila kuni, bila mkaa, bila briketi, na gesi bajeti haifiki. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Hapo katikati kuna miaka, na watoto wanakula kila siku.

Mi naziunga mkono briketi kwa taasisi, kwa muda, na kwa masharti, na masharti yenyewe Tabora tunaweza kuyaweka bila kusubiri Dodoma. Taasisi za mkoa huu zinanunua kwa zabuni, na humo wanauliza bei, muda wa kufikisha mzigo, na cheti cha TBS basi. Waongeze mistari miwili: makaa yametoka mgodi gani kwa jina, na ushahidi wa dhamana ya ukarabati ya mgodi huo. Mwenye mgodi wa kueleweka ataleta karatasi wiki hiyohiyo, wa ekskaveta mbili hatarudi. Bei itapanda kidogo, ni kweli, na mhasibu wa shule atalalamika, ila hiyo nyongeza ndo gharama ya kufukia shimo, na kama haimo kwenye bei anayoilipa Tabora basi itakuwa inalipwa na mtu wa Ntunduwaro, kijiji cha pale Ngaka, au Ileje ambaye hata hizo briketi hapikii.