Mgongo Umepona, Raha Imekwisha

Kuna watu huangushwa na mikopo ya mamilioni. Mimi niliangushwa na sarafu ya shilingi 200. Ilikuwa asubuhi kwenye daladala ya Igoma, tumebanana kama dagaa kwenye gunia, chenji ikaniponyoka. Nikainama kuiokota. Kuinama nikainama vizuri tu, kurudi ndiyo ikawa shughuli. Kitu kikalia "kwaa!" kiunoni, nikabaki nimejikunja, uso umeelekea ndoo ya sato ya mama mmoja. Konda akapaza sauti: "Jamani mpisheni mzee, anaomba dua!" Nikashushwa Mabatini nikiwa vilevile, kama mtu anayetafuta sindano.

Na kwangu si mahali pa kupanda umeinama. Nyie wa tambarare hamjui. Sisi tumejenga juu ya mawe. Watu wanapiga picha kutoka chini wanasema Mwanza pazuri, lakini sijamwona mpiga picha aliyepanda na dumu la maji. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu ni ngazi 94. Nyingine za saruji, nyingine ni jiwe tu lililoamua kuwa ngazi. Na maji ya bomba yakifika huku juu, hufika saa nane za usiku, kama mgoni.

Kijana wangu akanipeleka hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilitegemea sindano, nikakuta binti. "Shikamoo babu." Marahaba. Nina miaka 63, ubabu wenyewe nimeuanza juzi, lakini marahaba. Akaegemeza kiti ukutani, akaniambia nikunje mikono kifuani, niinuke na kukaa, niinuke na kukaa, kwa sekunde 30. Nikapata mara tisa. Akaandika. Nikamuuliza kama nimefaulu. Akasema mwanaume wa miaka 60 mpaka 64 asipofika 14 anahesabiwa yuko chini. Nikamwambia kiti ni kifupi.

"Babu, hiki kiti ni cha kawaida."

Mimi nilidhani mgonjwa ni mgongo. Kumbe mgongo ulikuwa unalalamika kwa niaba ya wenzake. Binti akanieleza kwamba kuna misuli imekizunguka kiwiliwili kama kanga anayofungwa mzazi tumboni. Juu iko misuli ya kupumulia, chini iko ile inayobeba kibofu, na nyuma viko vimisuli vidogo vinashikilia pingili za uti wa mgongo. Hiyo yote ikilegea, kazi inabaki kwa kiuno peke yake. Na inalegea yenyewe: kuanzia miaka ya 30 mwili unapunguza misuli kidogo kidogo, ukivuka 60 unapunguza kwa kasi, na ukishinda umekaa unacheza bao unausaidia kupunguza. Sijui nani alimpa habari za bao.

Nikalipiga tumbo langu kofi. "Na huu wote si msuli?"

"Huo ni mzigo, babu. Sisi tunamtafuta mbebaji."

Nikamwambia asihangaike, mimi nimepita JKT mwaka 1982, nalala chali hapahapa najikunja mara 50. Binti akaruka kama nimewasha kiberiti kituo cha mafuta. Kumbe kule kujikunja kunabana pingili, na mtu mzima ambaye mifupa yake imeanza kuwa dhaifu anaweza kuvunja pingili huku anadhani anakata tumbo.

Badala yake akanifundisha mambo ambayo mtu mwenye mji wake hapaswi kuonekana akiyafanya. La kwanza unalala chali, miguu na mikono juu, unashusha mguu wa huku na mkono wa kule, taratibu, kiuno kisiachie sakafu. Umbo lake ni mende aliyepuliziwa dawa. La pili unatambaa kama mtoto, halafu unanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, unatulia hapo. Siku ya kwanza mbuzi wa jirani alisimama akanitazama, kisha akaondoka bila kula kitu. Kuna ubao: viwiko chini, mwili umenyooka, sekunde 10 tu kisha unapumzika. Sekunde 10! Nilicheka. Ya saba ilinikuta natetemeka kama bati kwenye upepo wa ziwa. Halafu kuna daraja, unalala chali umekunja magoti, unanyanyua nyonga. Daraja la Kigongo–Busisi lina kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na magari yanapita. Langu lina sentimita 20, na wiki ya kwanza lilibomoka mara tatu bila hata baiskeli kupita.

Na katika yote hayo ni marufuku kubana pumzi, presha inapanda. Dawa yake ni kuhesabu kwa sauti. Basi nahesabu kwa Kisukuma, na majirani wa jiwe la juu wanadhani napokea ng'ombe wa mahari.

Mama watoto aliniangalia siku mbili, ya tatu akajifunga kitenge vizuri, akakaa kwenye ubao sekunde 40 huku anaongea na dada yake kwa simu. Hajapita JKT. Amepita ngazi 94, na ndoo kichwani, miaka 30.

Sasa nisiwe mwongo: kimefanya kazi. Wiki ya nane nilirudi kwenye kile kiti nikafikisha 15. Chooni, na chetu ni cha kuchuchumaa, siku hizi nainuka bila kushika ukuta. Nikipiga chafya sishikilii tena kiuno kama mwenye mimba. Ila kitambi kipo palepale! Nilikwenda kulalamika, binti akasema mazoezi haya yanakaza misuli ya ndani tu, kitambi kinataka kutembea na kupunguza sahani. Yaani nimeteseka kote huko, halafu na ugali uguswe?

Na hasara zenyewe hakuna aliyenitahadharisha. Zamani nikiingia kwenye daladala nimeshika kiuno, vijana watatu wananyanyuka. Sasa naingia wima, na konda ananiambia, "Mzee sogea nyuma, uko fiti wewe." Nasimama hadi Igoma. Msibani nilikuwa nawekwa kivulini na wazee, nakunywa chai. Juzi nimepangiwa kubeba maturubai. Na ile kauli yangu ya "mgongo, mgongo", iliyonivusha salama miezi mingi ya kuchota maji, sasa nikiitamka watu wanacheka.

Jana binti kaniongezea lingine: kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 huku napiga mswaki, karibu na ukuta nikiyumba nishike, maana mizani nayo inazeeka. Nikasimama uani alfajiri, mguu mmoja juu, mswaki mdomoni, kama korongo wa mwaloni. Nimefika sita, mama watoto akatoka na dumu mbili tupu.

"Baba Kabula, kwa vile umeshasimama..."