Ploti Joska au Flati Umoja: Unafuu wa Makao Nairobi Unapimwaje?

Kila Jumamosi asubuhi, katikati ya jiji la Nairobi, utaona mabasi madogo yenye mabango ya kampuni za kuuza ploti yakingoja abiria wasiolipa nauli. Watu hupelekwa Kamulu, Joska, Juja, Kitengela na Isinya, wakaonyeshwa vipande vya futi hamsini kwa mia vilivyopigwa bikoni za mipaka, lango la chuma, nguzo za stima na barabara ya murram iliyochongwa juzi. Hupewa soda na mkate, kisha fomu. Rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi pande za Buruburu, alirudi kutoka safari kama hiyo mwezi uliopita akiwa na fomu mkobani na swali lililomnyima usingizi: atoe akiba yote ya sako anunue ploti Joska na kujenga polepole, au akope anunue flati ya vyumba viwili mtaani Umoja, karibu na kazi yake na ya mumewe aliye Industrial Area?

Mimi naegemea flati. Lakini nimekaa na hesabu za pande zote mbili, na ploti ina hoja ambazo haifai kuzipita mbiombio.

Kubwa kuliko zote ni kwamba ploti haidai. Takwimu za Benki Kuu za mwaka 2023 zilionyesha mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 tu nchi nzima, katika taifa lililohesabu watu milioni 47.6 kwenye sensa ya 2019. Yaani karibu kila nyumba ya mwananchi wa kawaida unayoiona kuanzia Ruai hadi Kiserian haikujengwa na benki. Ilijengwa na zamu ya chama, mkopo wa sako, bonasi ya majani chai ya mzazi kule nyumbani, mawe leo na mabati mwakani. Mtu huhamia chumba kimoja kisichopigwa lipu, akaacha kulipa kodi ya nyumba, na ile kodi ikawa saruji. Kazi ikipotea, hakuna anayebisha mlangoni na barua ya mnada. Mjengo husimama tu, ukangoja.

Halafu kuna Thika Road. Waliokuwa na vipande Ruiru, Juja na Kahawa kabla barabara hiyo kupanuliwa na kukamilika mwaka 2012 waliona ardhi waliyochekwa kwayo ikigeuka mali. Karibu kila dalali anayeuza ploti leo anauza kumbukumbu hiyo. Ila barabara haziji kwa zamu, kila mtaa ukapata yake. Tena hata ikija, haimbebi kila mtu: barabara ya juu ya Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilifunguliwa mwaka 2022, na tozo ya gari dogo kwa safari nzima iliyoanza kwa shilingi 360 ilifika 500 Januari 2024. Mwalimu wa kupanda matatu huiona kwa chini, akiwa kwenye foleni.

Sasa tuhesabu yale yasiyoandikwa kwenye fomu.

Joska ni Kaunti ya Machakos, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini. Tuseme nauli ni shilingi 150 kwenda na 150 kurudi. Watu wawili, siku 22 za kazi, ni shilingi 13,200 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 158,400, na kwa miaka kumi na mitano ni zaidi ya milioni 2.3, hata kama nauli haitapanda shilingi moja. Weka saa mbili za kwenda na mbili za kurudi, upate saa 88 kwa mwezi: zaidi ya siku tatu na nusu, usiku na mchana, umekaa kwenye kiti cha matatu. Mama anayeondoka saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa mbili usiku huwaona watoto wake wakiwa wamelala. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika jambo hili lote, na sijui namna ya kulitia kwenye jedwali la gharama.

Kuna udongo pia. Ukitoka Embakasi kuelekea nyanda za Athi, sehemu kubwa ya ardhi ni ule udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi uliochimbwa juujuu hupanda na kushuka nao, na baada ya misimu michache ukuta unapasuka kutoka kona ya dirisha. Fundi mwaminifu atakuambia uchimbe hadi ufikie murram au mwamba, utoe ule mweusi wote na kujaza mawe. Fedha hizo huzikwa ardhini kabla tofali la kwanza halijaonekana. Ploti ya udongo mwekundu upande wa Kikuyu hugharimu zaidi kununua, lakini si lazima iwe ghali zaidi kujengea. Kabla ya kutia sahihi, mlipe kijana achimbe shimo moja la majaribio. Ni kazi ya siku moja.

Maji nayo. Nairobi hupata maji yake mengi kutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na hata mitaa yenye bomba hupokea kwa mgao, siku kadhaa kwa wiki. Umoja inaujua mgao huo vizuri. Lakini pembezoni bomba lenyewe mara nyingi halipo, na watu hutegemea visima virefu na malori ya maji. Maji ya visima vya ukanda huu mara nyingi yana chumvi, na mengine yana floraidi nyingi inayoyatia meno ya watoto madoa ya kahawia. Maji taka huenda kwenye shimo la tangi, nalo hunyonywa kwa lori la kulipia. Hakuna kati ya haya linalomzuia mtu kuishi vizuri. Yote lakini ni bili, na bili hizo hazina mwisho.

Nikiwaza habari hii huikumbuka Dandora. Kuanzia mwaka 1975, kwa fedha za Benki ya Dunia, watu wa kipato cha chini walipewa viwanja ambavyo tayari vilikuwa na bomba na choo, wakaachiwa kazi ya kujijengea vyumba. Dandora ilikuja kupata shida zake nyingi, mojawapo ikiwa wenye viwanja kujenga vyumba vingi vya kukodisha hadi mtaa ukafurika. Ila mpangilio wake ulikuwa sahihi: huduma kwanza, watu baadaye. Ploti za siku hizi zimeupindua. Watu wanatangulia, kisha miaka kumi inaisha wakichangishana kutengeneza barabara, kununua transfoma na kumtafuta diwani. Kwa hiyo mtu akiniambia ploti ni rahisi, nataka kujua kama amejumlisha kazi ambayo serikali ingepaswa kuwa imeifanya, na ambayo sasa ataifanya yeye.

Na juu ya yote kuna karatasi. Novemba 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau, ikisemekana ardhi ni ya mamlaka ya viwanja vya ndege. Oktoba 2023 ikawa Mavoko, kwenye ardhi ambayo mahakama ilikuwa imesema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Waliobomolewa walikuwa familia za watu waliofanya kazi, wakaweka akiba, wakanunua na kujenga, wengine nyumba za ghorofa. Walikuwa na karatasi mkononi. Ndiyo maana cheti cha hisa za kampuni ya ardhi na namba ya balloti, ile kura ya kugawa ploti, havinitoshi hata kidogo, na hata upekuzi rasmi wa masjala ni mwanzo tu. Uliza hatimiliki mama, ile ya shamba zima kabla ya kukatwa ploti, ni ya nani na iligawanywa lini. Kama ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi iko wapi? Mpimaji wako wewe, si wa muuzaji, ahakikishe bikoni zimekaa pale ramani inaposema. Wakili naye awe wako. Anayekuambia wakili wa kampuni atakuhudumia bure hajakupunguzia chochote.

Upande wa flati si peponi.

Tuseme mwalimu huyu anakopa milioni 4 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 14 atalipa kama shilingi 49,700 kila mwezi, ambazo mshahara wake peke yake hauwezi kuzibeba. Kwa asilimia 9 zinashuka hadi kama 36,000. Tofauti hiyo ya karibu 14,000 ndiyo inayoamua kama flati ni mali au ni kitanzi. Riba za chini ya asilimia 10 zipo kwa benki na sako zinazopata fedha kutoka kampuni ya KMRC, iliyoundwa kwa ajili hiyohiyo, na mume na mke wanaweza kuomba pamoja. Kama hawakupata mkopo wa aina hiyo, ningewaambia waiache flati, hata kama ni nzuri namna gani. Wakiupata, angalia jambo hili: nauli ya Joska niliyoihesabu, 13,200, inakaribia kulingana na pengo hilo la riba. Kumbe umbali nao ni mkopo, ila hauishi baada ya miaka 20 na haukuachii kitu.

Hofu ya pili ni ile wazee wetu huisema waziwazi: umenunua hewa. Ghorofa ya tatu si shamba. Miaka mingi hofu hii ilikuwa na msingi, maana mnunuzi alipewa hati ya kukodi ya muda mrefu na hisa katika kampuni ya kusimamia jengo, huku hatimiliki ya kiwanja ikibaki mahali pengine. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 ilikuja kurekebisha hilo, kila flati ipate hati yake yenyewe. Muulize muuzaji swali moja: hati ya flati hii imetoka, au bado? Kama bado, bei ishuke au uondoke.

Hofu ya tatu ni jengo lenyewe. Aprili 2016 ghorofa liliporomoka Huruma usiku wa mvua na kuua watu wapatao hamsini, jengo lililokuwa kando ya mto. Mvua za 2024 nazo zilifurika kuanzia Mathare hadi Kitengela, kwa hiyo mto hauchagui mtu wa flati wala wa ploti. Mhandisi wa kukagua nguzo na zege analipwa mara moja. Nenda pia ghorofa ya chini kabisa, uangalie kuta kama zina alama ya maji. Kisha waulize wapangaji kuhusu ada ya kila mwezi ya usafi, mlinzi na pampu: nani huzikusanya, na huonyesha hesabu?

Nyumba za serikali nazo ziko mezani. Mwalimu anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa sheria ya 2024, na anaweza kujiandikisha kwenye Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuomba nyumba hizo, na kuweka akiba humo. Za Park Road kule Ngara, 1,370, zina watu, na familia zimekwisha kupewa funguo Mukuru. Nilimwambia ajiandikishe leo, lakini asisimamishe maisha akingoja jina lake litokee.

Basi kwa nini naegemea Umoja? Kwa sababu wana watoto wawili wa shule, na kazi zao zote mbili ziko upande huo wa jiji na hazitahama. Wangekuwa wamebakiza miaka mitano kustaafu, au mmoja wao angekuwa anafanyia kazi nyumbani, ningegeuka na kusema Joska, tena kwa moyo wote: hewa, kuku, sukuma wiki nyuma ya nyumba, na hakuna mtu anayetembea juu ya kichwa chako. Mumewe bado anaitaka ploti. Alikulia Kangundo, na kwake kumiliki ni kukanyaga udongo, na sioni namna ya kumwambia kwamba amekosea.

Kwa hiyo hawajatia sahihi popote. Fomu imekaa kwenye droo, na wao wamepata chumba na sebule cha kupanga Joska, mita chache kutoka ile ploti, kwa miezi mitatu. Nyumba ya Donholm wanayoishi sasa wamemwachia mdogo wake mke. Watapanda hayo matatu ya alfajiri, wanunue hayo maji, na kuona barabara inavyokuwa ikilowa. Wanahamia mwanzoni mwa Aprili, mvua ndefu zikiwa zimeshika kasi.