Kaskazi, Tumbo na Jiko Letu

Kila ifikapo kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, joto la mchana Unguja na Pemba linapopita nyuzi 30 na usiku nao usitoe nafuu kubwa, mazungumzo ya barazani hayachelewi kufika kwenye tumbo. Huyu hapati choo, yule ana kiungulia, mwengine tumbo limemjaa gesi tangu mchana, na kila aliyekaa hapo ana dawa yake ya kutaja. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya shida hii tunaipika wenyewe, na kwamba jiko la Kizanzibari, kwa vyakula vyake vya kuchemsha, jamii ya kunde, majani na matunda, lilikuwa na jawabu kabla hatujalijaza mafuta, unga mweupe na sukari.

Mtu anapotoka jasho jingi bila ya kunywa maji ya kutosha, utumbo mpana huyafyonza maji mengi zaidi kutoka kwenye mabaki ya chakula, na choo huwa kigumu au hakitoki kabisa. Basi anayekunywa chai kwa chapati asubuhi, akala wali mweupe mchana na chipsi usiku, amekosa mambo mawili kwa pamoja: maji yenyewe, na nyuzinyuzi za kuyashikilia maji hayo ndani ya utumbo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za matunda na mboga. Gramu 100 za wali mweupe hazifikishi hata gramu 1 ya nyuzinyuzi, ilhali mbaazi zilizochemshwa za uzito huohuo zina zaidi ya gramu 6. Simwambii mtu aache wali, kwani hakuna nyumba ya Zanzibar itakayonisikiliza. Ninachosema ni kwamba apunguze upawa mmoja wa wali, na nafasi yake aijaze mbaazi, kunde au choroko.

Wapo wanaozikataa mbaazi kwa sababu ya gesi, na malalamiko yao yana msingi. Mbaazi zina aina ya sukari ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga, kwa hiyo hufika nzima kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha na kutoa hewa. Dawa yake iko katika upishi. Roweka mbaazi tangu usiku, asubuhi yamwage yale maji, kwani yameondoka na sehemu ya sukari hizo, kisha zichemshe kwa maji mapya mpaka zibonyee kwa vidole viwili bila ya nguvu. Hapo ndipo utie kitunguu, bizari ya manjano, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa na tui jepesi, uache zichemke taratibu, na tui zito litoshe upawa mmoja tu mwishoni, kwa ajili ya ladha. Asiyezizoea aanze na kidogo kila siku kwa wiki kadhaa, kwani tumbo nalo huzoea. Bakteria hao hao wanaolaumiwa kwa gesi, wanapochachusha nyuzinyuzi, hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo mpana, na ndiyo maana mimi sioni busara ya kuwanyima chakula chao kwa kukimbia usumbufu wa siku chache.

Mchicha, matembele na kisamvu havihitaji maelezo marefu, ila kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe sawasawa, kwani kikiwa kibichi kina sumu. Muhogo, majimbi, viazi vitamu na shelisheli za kuchemsha ni chakula cha asubuhi kilicho bora kuliko mandazi, na nasikitika kuona katika nyumba nyingi vimeanza kuhesabiwa kuwa ni chakula cha aliyekosa.

Kukaanga ndiko ninakokulalamikia zaidi. Mafuta hukichelewesha chakula kutoka tumboni, na ndiyo sababu mtu aliyekula samaki wa kukaanga, chipsi na sambusa saa saba mchana huhisi uzito mpaka jioni. Akijilaza baada ya kula, kama tulivyozoea wakati wa jua kali, asidi hupanda kooni na kiungulia humwamsha. Ni vyema zipite saa mbili au tatu kabla ya kulala. Halafu yupo mpishi, ambaye hatumfikirii: ni nani aliyeamua kwamba mama au dada asimame mbele ya karai la mafuta, juu ya seredani, katika saa iliyo kali kuliko zote za siku? Changu wa kuchoma, pweza wa kuchemsha au mchuzi mwepesi wa ndimu na ukwaju hupikika mapema asubuhi, wakati bado pana kijiubaridi, na hautaki mtu asimame muda mrefu kwenye moto.

Hata hivyo, kupika mapema kuna hatari yake, na hili ni jambo ninalotaka lichukuliwe kwa uzito mkubwa. Chakula kilichofunikwa kwa kawa kimekingwa dhidi ya nzi, hakikukingwa dhidi ya joto. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Baada ya hapo kiwe cha moto kabisa, zaidi ya nyuzi 60, au kiwe ndani ya friji. Chakula cha tui ndicho cha mwanzo kuchacha, na kinachacha kwa harufu, kwa hiyo angalau kinatuonya. Wali hauonyi. Yumo bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake huhimili kuchemshwa, na wali ukilala jikoni usiku kucha huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo haiondoki hata kiporo kikipashwa moto asubuhi mpaka kikaungua. Wali uliobaki usambazwe kwenye sinia upoe haraka, kisha uingie kwenye friji, na umeme ukikatika kwa muda mrefu, utupwe bila ya kuonewa huruma.

Samaki nao ni vivyo hivyo. Jodari, nguru na vibua wakiachwa juani bila ya barafu hujenga histamini katika nyama yao, nayo haiuliwi na moto wala ndimu. Mlaji huanza kuwashwa mwili, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamuuma na tumbo likamharisha, kisha watu husema amedhurika na bizari. Ukifika sokoni mchana ukamkuta jodari amelala kwenye meza kavu, macho yamezama na mashavu yamegeuka rangi ya kahawia, muache hapo hapo hata kama bei yake imeshuka nusu.

Kwa upande wa matunda, kaskazi ni msimu wa neema: maembe boribo na dodo, mananasi, mafenesi, matikiti. Tatizo ni kwamba siku hizi tunayanywa zaidi kuliko tunavyoyala. Embe likisagwa, likachujwa na kutiwa vijiko vya sukari, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio na sukari imeingia kwenye gilasi. Mtoto apewe embe lake alile kwa meno, hata kama atachafua sare ya skuli. Ukwaju husaidia choo, basi maji yake yanywewe kwa sukari kidogo mno. Dafu ni zuri kwa aliyetoka jasho, lakini mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza, kwa sababu lina potasiamu nyingi. Na yeyote anayeona damu kwenye choo, au anayekonda bila ya sababu, aende hospitali upesi, asikae kubadilisha vyakula.

Haya yote yana uzito zaidi sasa kwa sababu Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, imeingia ndani ya kaskazi na itabaki humo kwa miaka kadhaa. Tunafunga kwa zaidi ya saa 13 katika joto hilo, kisha tunaliamsha tumbo tupu kwa bajia, kachori na kaimati. Mimi ningependa futari ianze kwa tende, maji na uji mwepesi, watu wakasali Magharibi, kisha wakarudi kwenye muhogo au ndizi za nazi, samaki wa kuchoma na bakuli la kachumbari, na vya kukaanga viwe kipande kimoja cha kuonja. Maji yanywewe kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, yasisubiri gilasi tatu za haraka kabla ya adhana. Na kwenye daku, wali uliojaa chumvi upishe sahani ya mbaazi na kipande kikubwa cha papai.